Nilipoteza Nguvu, Nikabaki na Wivu

Kabla sijajua kwamba ninaumwa, nilijua kwamba nina wivu. Nilimwonea wivu jirani yetu wa mtaa wa Amalemba mjini aliyekuwa akipiga mluzi akioga asubuhi. Nilimwonea wivu mwenye duka ambaye mke wangu alimshukuru kwa tabasamu akipewa sukari. Kulikuwa na jogoo wa mama wa nyumba ya pembeni, jogoo mwenye shingo isiyo na manyoya, na asubuhi moja nilijikuta nimesimama dirishani na kikombe cha chai mkononi, nikimtazama akikimbiza mitetea uani, na nikamchukia kutoka moyoni. Mtu mzima, baba wa mtoto, nimemkasirikia jogoo wa watu.

Ninaandika haya kwa sababu najua yuko mwanaume mwingine amesimama dirishani kama nilivyosimama mimi. Mwili wangu umerudi, nimwambie hilo mapema asije akaacha kusoma. Habari za mishipa na damu ataelezwa na wanaozijua. Mimi nitamweleza habari za benchi, za vidonge, na za mke wangu Rispa, ambaye nilikaribia kumpoteza wakati mwili ulikuwa tayari umeanza kupata nafuu.

Kazi yangu ni kupandisha ng'ombe kwa sindano. Mfugaji akiona ng'ombe wake ana joto hunipigia simu, nami nafunga mtungi wa mbegu kwenye pikipiki naenda. Kuanzia Khwisero mpaka njia ya Mumias wananiita daktari, na wazee wenye utani wananiita Fahali. Nikishuka tu kwenye pikipiki, mzee anatangaza kwamba Fahali amefika, na kina mama wanacheka wakiziba midomo kwa leso. Zamani nilicheka nao. Nilipougua, jina hilo lilinichoma kama upupu, maana ng'ombe wa kata nzima walikuwa wakishika mimba kwa mkono wangu, na mimi nyumbani nilikuwa nalala nimeupa ukuta uso.

Ilianza baada ya kumzika baba. Tulimzika wakati wa kiangazi, kabla watu hawajalima. Mimi ndiye kifungua mimba, kwa hiyo mambo yote ya boma yaliniangukia: shamba, wageni, ugomvi wa mipaka, na wadogo zangu wanaongoja neno langu. Usingizi ulikatika. Chakula kilinishinda, hata obusuma, ugali wa kwetu, na mboga ya kunde ambayo Rispa anaijua kupika kuliko mtu yeyote. Nilitoboa mkanda wa suruali tundu jipya kwa msumari, kisha jingine. Mvua za kwanza zilipofika na watu wakaanza kupanda mahindi, mwili wangu ulikataa. Rispa akasema ni uchovu. Wiki iliyofuata ulikataa tena, akasema ni msiba. Mara ya tatu hakusema kitu, na kunyamaza kule kulinitisha kuliko neno lolote.

Nilifanya wanayofanya wote. Nilitafuna mukombero, ule mzizi wenye harufu tamu unaouzwa stendi kwa wanaume wa kila rika, mpaka ulimi ukafa ganzi. Nilienda Mumias kwenye duka la dawa ambako hakuna anayenijua, nikanunua kidonge. Muuzaji alinipokea kwa salaam aleikum na kunitakia heri na mama watoto, nikatoka mbio kama mwizi. Usiku ule moyo ulidunda, kichwa kikagonga, uso ukawaka moto, na mwili ukabaki palepale, kwa sababu nilikuwa nimekaa pembeni ya kitanda nikijichungulia kama mtu anayengoja sufuria ichemke.

Hapo ndipo wivu ulipokomaa. Rispa anafundisha watoto wa chekechea na jioni anaimba kwaya. Mwalimu wa kwaya ni mgane aliyetulia, shati lake limenyooshwa kila siku, na mikono yake haina harufu ya ng'ombe. Niliamua kwamba ni yeye. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: mwanamke mwenye afya hawezi kukaa hivi, na kama si mimi, basi yuko mtu. Nikaanza kupita kanisani wakati wa mazoezi, nazima pikipiki mbali kidogo, nasikiliza kama sauti ya Rispa imo kati ya zile zinazoimba. Nilipekua simu yake. Nilinusa leso yake ikiwa kwenye kamba. Akifungua mlango, salamu yangu ilikuwa moja: ulikuwa wapi? Mwanzoni alinieleza kwa kirefu. Baadaye akafupisha. Mwishoni akawa anaeleza kabla sijauliza, akiwa bado amesimama mlangoni na viatu, kama mtoto aliyechelewa shule, na hata hilo nililihesabu kuwa dalili ya hatia.

Ni yeye aliyenipeleka hospitali. Alisema kama ni sukari tujue, kama ni presha tujue. Nikapimwa, haikuwa sukari wala presha. Mhudumu aliyeniona akaniuliza nalala vipi, ninakula nini, nikamjibu, naye akaniandikia niende kliniki ya akili. Nilimwambia akili yangu haina shida, shida iko chini zaidi. Akasema wanaijua hiyo pia, niende tu.

Kliniki hiyo iko mwisho kabisa wa uwanja wa hospitali, na benchi lake liko nje chini ya bati, mahali ambapo kila anayeenda maabara lazima apite. Siku ya kwanza nilikaa pale na helmeti kichwani, kioo kimeshushwa. Joto lilikuwa la kuivisha ndizi. Pembeni yangu alikaa mama mmoja na kijana wake mkubwa aliyekuwa akizungumza na mtu asiyeonekana. Mama yule alikuwa na njugu za kuchemsha kwenye mfuko. Alinigongea helmeti taratibu kwa kidole, akanionyesha zile njugu, na ikabidi niinue kioo ili nile. Hakuniuliza ninaumwa nini. Tangu siku hiyo, kila tukikutana aliniwekea nafasi, na benchi likaacha kuniogopesha.

Daktari alikuwa kijana, mdogo kwangu kwa miaka mingi, ndevu zake zimechongwa vizuri. Nilimwonea wivu kabla hajaniambia nikae. Aliniuliza juu ya usingizi, juu ya baba, kama huwa natamani kufa. Kisha akauliza, "Asubuhi ukiamka, kabla hujakumbuka shida zako, mwili unakuwanga aje?" Nikamwambia ukweli, kwamba asubuhi nyingine uko kama wa kijana, halafu nakumbuka, na unaniacha. Akasema basi haujaharibika. Akanieleza kwa maneno mepesi kwamba huzuni imenikalia tangu mazishi, na juu ya huzuni nimeongeza hofu, na mwanaume anayejisimamia mtihani kila usiku lazima aanguke.

Alinipa vidonge vya huzuni. Watu wakiwa wanapalilia mahindi, nilikuwa nimeanza kulala tena na mkanda umerudi tundu moja. Lakini dawa ile ilininyima hata kile kidogo kilichokuwa kimebaki, na nilikasirika, nikaona nimechezewa. Nilitaka kuvitupa chooni. Rispa akasema nimrudishie daktari mwenyewe nikamwambie usoni. Nilipomwambia hakushangaa, alisema dawa ile huwafanyia watu wengine hivyo, akanibadilishia. Ndugu unayesoma, hapa naomba unisikie: usiache dawa kimyakimya kwa sababu ya aibu. Rudi ukaseme. Kisha daktari akaongeza jambo ambalo sikulitaka: safari ijayo nije na mama, yaani mke wangu.

Alimwona Rispa peke yake kwanza. Mlango ulifungwa, nami nikabaki kwenye benchi na njugu mkononi. Muda ulipita, kisha nikamsikia Rispa akicheka. Rispa hakuwa amecheka nyumbani kwetu tangu tumzike baba. Nilijiuliza kama daktari ana pete, sikuwa nimeangalia, na nilikuwa nimeshasimama nibishe hodi waliponiita ndani.

Daktari alimwomba Rispa arudie mbele yangu alichomwambia. Rispa aliangalia viganja vyake.

"Mimi naoneanga ng'ombe wivu," akasema.

Nikadhani ananitania. Akaendelea akinitazama sasa. "Ile siku tulienda na wewe Khwisero, ile ng'ombe ilikuwa inaogopa. Ukaiambia pole mama, tulia, siwezi kukuumiza. Ukaishika polepole mpaka ikaacha kutetemeka. Mimi unanigusanga tu kuangalia kama stima imerudi."

Nilikuwa nimetumia msimu mzima nikitafuta mwanaume aliyeingia kati yetu, na mke wangu naye alikuwa na orodha yake, na wote waliokuwamo walikuwa na pembe. Daktari hakucheka. Alituandikia matibabu ambayo sikujua yanaweza kutolewa hospitalini: tuliache kabisa tendo lenyewe. Tushikane mikono, uso, mgongo, kwa zamu, bila haraka, na kila mmoja aseme kinachompendeza, basi. Hata mwili ukitaka, tusijaribu. Akasema pia kwamba lile swali langu la mlangoni nalo ni sehemu ya ugonjwa. Nilibishana naye. Nilimwambia mume ana haki ya kujua mkewe ametoka wapi, naye akasema sawa, lakini wewe ukishajibiwa huwa hujui.

Mazoezi yale yalikuwa ya aibu na ya kuchekesha. Rispa alilalamika mikono yangu inanuka ile dawa ya kuoshea vyombo vya kazi, nikawa nanawa kwa limau. Aligundua kovu mgongoni mwangu ambalo hakuwahi kulijua, na tumeoana tukazaa Sharon ambaye sasa yuko shule ya bweni. Mahindi yalipoanza kutoa mbelewele, mwili ulianza kushtuka wenyewe kwa kuwa hakuna aliyekuwa akiuita. Tulimwambia daktari tukiwa na furaha ya watoto. Akasema bado. Nikatii. Lile swali tu ndilo lililonishinda. Kila Rispa akitoka kwaya lilinitoka kinywani lenyewe.

Halafu ikaja habari ya nyumba. Kwetu, mwanaume akijenga kwa baba yake, usiku wa kwanza lazima alale humo na mke wake, walale kama mume na mke, ndipo nyumba ihesabiwe imefunguliwa. Mdogo hawezi kumtangulia mkubwa. Nyumba yangu ya Khwisero, bomani kwa baba, ilikuwa imekamilika, na ya mdogo wangu Shadrack pia, mlango na kufuli, lakini yeye hawezi kuhamia mpaka mimi nifungue yangu. Mke wake alikuwa akinyonyesha mtoto wa tano katika jiko la mama linalovuja. Watoto watano. Katika wote niliowaonea wivu mwaka ule, Shadrack alikuwa wa kwanza, na kila Jumapili alinipigia simu kwa adabu kuniuliza tunakuja lini. Nilimwambia kazi ni nyingi. Mwishowe senge, dada wa baba yetu, akachoka na adabu akapanga siku mwenyewe.

Nilimuuliza daktari. Akasema amri yake haibadiliki kwa sababu ya bati jipya, na tena senge hataingia chumbani.

Siku yenyewe nilitangulia. Rispa alikuwa na kwaya kwenye arusi mjini, akafika giza limeshaingia, ukoo wote umeketi nje ukimngoja. Walituimbia kidogo wakaondoka. Ndani kulikuwa na godoro, taa, na harufu ya saruji mbichi. Nilitetemeka kama ng'ombe yule. Rispa alisema tufanye la daktari, tuanze na lile la wiki ya kwanza, mikono. Tukazungumza habari za baba, habari za Sharon. Mvua ikaanza juu ya bati. Nikalala, na hilo ndilo lililotokea.

Asubuhi senge alikuwa mlangoni na ingokho kwapani, kuku wa kuchinjiwa wenye nyumba. Rispa alikuwa ameinama akiwasha moto. Senge akamuuliza, "Mumerara vizuri? Shadrack ahamie?"

"Ahamie, senge," Rispa akasema, wala hakugeuka.

Senge akapiga vigelegele. Kabla kuku hajaingia chunguni, Shadrack alikuwa akipita uani na kitanda kichwani, mkewe nyuma na mtoto mgongoni, na mama yetu akilia kwa furaha. Mimi nilisimama pale nikipongezwa. Nilimshukuru Rispa moyoni kwa kunisitiri, namshukuru kweli, na shukrani hiyo ilidumu mpaka nilipowasha pikipiki kurudi mjini.

Njiani, Rispa akiwa nyuma amenishika kiuno, nikaanza kufikiri. Amesema vile bila kupepesa. Sauti haikutetemeka. Mtu anayeweza kumdanganya senge asubuhi na mapema, akiwa anapuliza moto, anashindwa nini kunidanganya mimi? Tulipofika Amalemba nilikuwa nimeshamhukumu. Nikamwambia amedanganya vizuri sana, na nikamuuliza amejifunzia wapi. Alikuwa amesimama na mfuko mkononi. Alisema mahindi ya kwao Lugari yamekauka, anaenda kuwasaidia wazazi wake kuvuna. Nilipofungua kabati jioni, upande wake ulikuwa mtupu.

Nilirudi kliniki peke yangu. Mama wa njugu akauliza mama yuko wapi, nikatazama chini. Daktari alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza Rispa akiniambia nini ndipo nitaridhika. Nilifikiri sana, nikatafuta neno moja ambalo mke wangu angeweza kulisema nami nikaliamini. Sikulipata, na hapo nikaogopa, kwa sababu niliona kwamba hata ningeoa malaika ningemshuku.

Nikaenda Lugari. Mashamba ya kule ni makubwa, ya zamani za wazungu, na mahindi yalikuwa yamesimamishwa kwa mafungu kila upande. Mama mkwe hakutoka. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawasogeleani, akanisalimu akiwa jikoni, mlango kati yetu, akatuma chai. Baba mkwe alinikalisha karibu na lundo la mahindi, akanishukuru kwa kumruhusu Rispa aje kuwasaidia. Nikaelewa kwamba hakuwaambia. Alikuwa amenisitiri tena, na ile sauti ndani yangu ikaamka mara moja ikasema unaona, anadanganya hata baba yake.

"Baba," nikasema, "hakuja kusaidia. Mimi ni mgonjwa, natibiwa kliniki ya akili, na ugonjwa umenifanya nimshuku mtoto wako bila sababu."

Hayo maneno ya mwisho sikuwa nimeyapanga. Mzee aligeuza gunzi mkononi muda mrefu. Akasema alishajua, msichana haji kuvuna na nguo zake zote. Kisha akanielekeza kwa kidevu. "Yuko nyuma ya ghala. Enda mwenyewe, mimi sitakuitia."

Rispa alikuwa ameketi juu ya gunia akipukuchua mahindi, vumbi la makapi limemjaa kwenye nyusi. Hakusimama. Nikaketi chini, nikachukua hindi, tukapukuchua. Nikamweleza nilichomwambia baba yake. Nikamwomba msamaha kwa yale niliyomwambia Amalemba, nikasema sasa naelewa kwamba alimdanganya senge kwa ajili yangu, na kwamba uongo ule ulikuwa wa kunihurumia.

Mikono yake ikasimama.

"Sikudanganya," akasema.

Nikainua uso, akaendelea.

"Nilifika usiku, nimetoka kwa arusi, nimechelewa. Njia yote nilikuwa nafikiria vile nitakueleza. Nikangoja uniulize nilikuwa wapi. Hukuuliza. Ulinishika tu mkono, tukaongea, ukalala. Kwangu mimi hiyo nyumba ilifunguka."

Nilitafuta kichwani mwangu usiku ule, na sikukumbuka kutouliza. Nilikumbuka mvua na mkono wake tu. Nikamfikiria mwanaume yule aliyelala Khwisero amemshika mkewe mkono, hataki kujua lolote, na nikamwonea wivu kuliko nilivyowahi kumwonea mwalimu wa kwaya, au daktari, au Shadrack. Nikamwambia Rispa hivyo hivyo.

Alifuta vumbi usoni kwa nyuma ya kiganja, akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza tangu nifike.

"Huyo ndiye akikuja kunichukua," akasema, "narudi leo."